Msomaji Anauliza: Kijarida cha esteti, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi naishi kwenye esteti moja upande wa Kira, nje kidogo ya Kampala, si mbali na Namugongo, nyumba zetu ni 64 na tuna chama cha wenye nyumba. Mkutano wa mwisho nilifanya kosa la kusimama na kulalamika eti hatupati habari, cheameni akaniangalia akasema basi wewe ndo utatuletea hizo habari, watu wakapiga makofi, nikawa mwenezi hivyo tu. Sasa wanataka kijarida cha kila mwezi. Grupu ya WhatsApp tunayo lakini ni fujo, ukiweka tangazo la maji saa mbili, ikifika saa tatu limeshafunikwa na salamu za asubuhi na video za wachungaji. Bajeti sina, na sijawahi kuandika kitu zaidi ya barua ya kuomba kazi. Kuna mzee jirani anasema hiki kitu hakifiki toleo la tatu. Nifanyeje?
Mwenezi wa Kusukumwa, Kira

JIBU: Pole na hongera, ndugu yangu. Huyo mzee msimdharau, mi mwenyewe nimeshaona kimoja kikifa. Nilikuwa nimepanga upande wa Ntinda, chama chetu kikatoa kijarida cha kurasa nane, karatasi ile ya kung'aa, picha ya cheameni ukurasa wa kwanza, wa tatu na wa mwisho, halafu hotuba ndefu kuhusu umoja. Wakati huo pampu ya kisima ilikuwa imekufa wiki tatu tunabeba madumu, na kisima hakikutajwa hata mstari mmoja! Toleo la pili nililikuta kwa kijana wa rolex kwenye kona, limefunga chapati yangu na mayai, uso wa cheameni umelowa mafuta. La tatu hatukuliona.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta nenda getini. Mwombe askari akusaidie wiki moja tu, kila swali analoulizwa na wakazi aliandike kwenye kile kitabu chake cha wageni, ukurasa wa nyuma. Utaona mwenyewe: maji yanarudi lini, gari la taka limepita au bado, nani kafunga geti dogo, ile taa ya kona itatengenezwa lini na hela si tulitoa. Hayo ndo toleo lako la kwanza, tena yamekuja yameshapangwa, lililoulizwa mara nyingi liweke juu.

Ukubwa: karatasi moja ya A4, pande zote mbili, ukiikunja katikati unapata kurasa nne. Usizidishe hapo. Na kila mwezi usiahidi, utachoka ifikapo Aprili, sema kila baada ya miezi mitatu na ukishindwa kujizuia utatoa la ziada. Mambo ya dharura yabaki WhatsApp hukohuko, kijarida kazi yake ni kukumbuka, yaani kikao kilikubaliana nini, nani alipewa kazi gani, na imefika wapi.

Sasa ukurasa wa pili, hapo ndo sitaki tubishane, ni wa hela. Hesabu iwe fupi ambayo mtu anaisoma huku anasubiri chai ichemke. Tuseme ada yenu ni 50,000 kwa mwezi, nyumba 64, ilitakiwa iingie 3,200,000. Zimelipa nyumba 41, imeingia 2,050,000. Askari 1,200,000, taka 450,000, kutengeneza taa 180,000, imebaki 220,000. Basi, mistari sita. Mtu akishaona kwamba kilichobaki ni laki mbili na ushee, ataacha kuuliza kwa nini barabara haijamwagiwa marramu, na yule aliyekuwa hatoi kwa kuamini hela zinaliwa hana tena pa kujificha. Mweka hazina asiposaini hiyo hesabu usichapishe, hata kama kurasa nyingine ziko tayari.

Ukurasa wa tatu weka tarehe na namba za simu. Nyie mko karibu na Namugongo, nadhani sihitaji kukuambia 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, inakuwaje, mahujaji wanaingia kwa miguu kutoka kila upande, barabara zinafungwa, asiyejipanga anaacha gari mbali na kutembea. Hilo toleo liwe mikononi mwa watu katikati ya Mei, si tarehe mbili jioni. Na namba zikague kila mara, maana nimepita kwenye geti moja majuzi nikakuta bango bado lina namba ya Umeme, ile kampuni iliyokuwa inatusambazia stima, wakati Umeme walikabidhi mtandao 31 Machi 2025 na kuanzia kesho yake wateja wao wako UEDCL, shirika la serikali. Vitu vidogo hivi vinafanya watu wabandike kijarida kwenye friji.

Ukipata nafasi eleza jambo moja kwa kina kila toleo. Mfano taka. Jalala la Kiteezi, lile la taka za Kampala, lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu, wengi wetu ndo kwa mara ya kwanza tulijiuliza mfuko wangu ukitoka getini unaenda wapi. Muulize dereva wa gari lenu anamwaga wapi sa hivi, kwa nini siku zingine hatokei, uandike alivyosema. Hiyo itasomwa kuliko hotuba yoyote.

Gharama isikutishe. Tuseme jamaa wa fotokopi anakutoza 200 kwa upande, karatasi moja ni 400, mara 64 ni 25,600. Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, usikimbilie, kule wanachapa kila kitu chini ya jua ila bei inakuwa tamu ukipeleka kopi nyingi, na 64 si nyingi. Matangazo ya saluni, muuza gesi na fundi bomba yanaweza kulipia kila kitu, hela iingie kwenye laini ya chama na si kwenye simu yako, utanishukuru.

Za WhatsApp usitume ile ile ya kukunja, kwenye simu mtu anasoma kichwa chini. Tengeneza nyingine, safu moja, herufi kubwa, faili liwe jepesi, kumbuka bando tunazonunua zina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Hii ya simu ndo utamtumia mwenye nyumba aliyeko Uingereza au Dubai, ambaye mpangaji wake anakaa hapo na yeye ada hajalipa kwa sababu hajui hata kama chama kipo! Na ile ya karatasi mpe mpangaji, yeye ndo anayekanyaga hilo tope. Watu wa vyama wanasahau wapangaji kabisa, sijui kwa nini.

La mwisho, ulifanye la kwanza: iombe kamati iandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba cheameni anapata safu yake, maneno mia moja, na hagusi mengine. Muombe kwa upole, mbele ya watu, kama alivyokufanyia wewe.

SWALI: Sisi kijarida tunacho tayari. Nataka nichapishe majina ya wasiolipa, na namba za nyumba zao, na deni. Wenzangu wanaogopa. Mi nimechoka.
Mweka Hazina, Najjera

JIBU: Nimekuelewa hasira yako, lakini hapana. Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na jina la mtu pamoja na deni lake si kitu cha kubandika ovyo bila ridhaa yake. Halafu ukikosea nyumba moja tu, umeandika 17 badala ya 71, umejitafutia mawakili. Chapisha idadi, nyumba 23 hazijalipa, jumla kiasi fulani. Wao wenyewe watajijua, na majirani watahesabu, usijali. Barua ya deni ipelekwe mlangoni, kwenye bahasha. Hivyo hivyo na picha za watoto kwenye sherehe ya Krismasi, uliza mzazi kwanza, na usiandike kamwe kwamba familia fulani imesafiri kwenda kijijini wiki mbili.

SWALI: Esteti yetu ina Waganda, Wanyankole, Wakenya, Wasudan Kusini, Wakongo. Tuandike lugha gani?
Msomaji, Entebbe

JIBU: Hesabu na maamuzi andikeni kwa Kiingereza kama kumbukumbu zenu ziko hivyo, sitajifanya mzalendo. Ila Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu marekebisho ya 2005, na baraza la mawaziri lililisema tena Julai 2022, kwa hiyo mtu asikwambie ni lugha ya barabarani. Mkongo na Mkenya wenu watashukuru, na Kiganda kiwe na kona yake pia. Matangazo ya getini, yale ya maji na taka, yaandikeni kwa lugha anayoisoma askari, maana yeye ndo atakayemweleza kila anayepita.