Mimba na hofu ya chakula kisichoiva: tuangalie vya jikoni kwetu kwanza

Dada wa Ntinda, hongera kwa mimba, na pole kwa kukosa usingizi. Umeeleza kwamba wiki mbili zilizopita ulikula rolex, ile chapati inayokunjwa na yai, na yai lake lilikuwa bado linateleza, na kesho yake mkitoka Mbale ukanunua paja la kuku pale Namawojolo, wanapouza nyama choma barabarani, ukakuta wekundu karibu na mfupa. Baadaye ukasoma orodha ya vyakula hatari kwa mjamzito, na tangu hapo umeacha mayai, nyama, samaki, maziwa na matunda; unashindia chai ya rangi na mkate. Tena unauliza utakataaje maziwa Desemba mkienda kwa wakwe Kiruhura. Mimi ni mzaliwa wa Busia niliyeolewa huku Mbarara, nina watoto watatu, na mimba zote nimezibeba nikipika chakula cha kuuza. Nitakueleza ninayoyajua, na palipo pa daktari nitakuambia uende kwa daktari.

Tuanze na ulichokwisha kula, maana ndicho kinachokukosesha raha. Mayai mengi hayana salmonela, kijidudu cha kuharisha, na wengi wanaokula yai lisiloiva vizuri hawaugui. Anayeugua huanza kuona dalili kati ya saa sita na siku sita hivi: tumbo kusokota, kuhara, homa. Wewe umesema huna lolote ila mawazo. Basi hilo la yai limepita, liache liende. Kuku naye, wekundu wa kwenye mfupa mara nyingi hutoka kwenye uboho, hasa kuku akiwa mdogo, hata kama nyama imeiva. Cha kuangalia ni nyama yenyewe na maji yake: nyama iwe nyeupe mpaka ndani, iachane na mfupa bila kuvutana, na maji yanayotoka ukiibana yawe meupe, si ya damu. Ikiwa ilikuwa hivyo, ulikula kuku aliyeiva.

Ila nakuomba sana usiende duka la dawa kununua vidonge vya kusafisha tumbo kwa sababu ya wasiwasi. Hakuna dawa ya kusafisha chakula ulichokula wiki mbili zilizopita, na baadhi ya dawa zinazouzwa kirahisi, kama tetrasaiklini, hazimfai mjamzito kabisa. Zinaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto.

Kinachotakiwa kwako sasa ni kuichukulia homa kwa uzito. Kuna kijidudu kinaitwa listeria ambacho huweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla ya kujitokeza, na mjamzito hukipata kwa urahisi kuliko watu wengine. Kwa mama huja kama mafua tu: homa, misuli kuuma, uchovu. Kwa mtoto kinaweza kuharibu mimba au kumfanya azaliwe mgonjwa. Sasa huku kwetu mjamzito akipata homa, wote nyumbani wanasema malaria. Apime malaria, ndiyo, apime siku hiyohiyo. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, asikubali kurudi nyumbani na panado peke yake. Amwambie musawo, yaani daktari au nesi, waziwazi: nilikunywa maziwa mabichi, nilikula nyama haijaiva, nilikula soseji baridi. Nesi aliyenipokea katika mimba yangu ya pili aliniambia kwamba wajawazito wengi wanaona haya kutaja walichokula, wakidhani watagombezwa, na yeye hawezi kukisia. Taja tu. Listeria, na brusela ya kwenye maziwa mabichi nitakayoieleza mbele, zina dawa ambazo mjamzito anaruhusiwa kutumia, mradi zijulikane mapema.

Sasa ile orodha yako. Nimeisoma, na si ya uongo, lakini imeandikwa kwa ajili ya jiko la Marekani au Uingereza. Inazungumzia jibini laini, samaki mbichi wa Kijapani, saladi za pakiti. Wewe hivyo vyote unavila lini? Halafu haisemi neno kuhusu maziwa ya kwenye jerikeni, wala beseni la kuoshea nyanya, wala wali uliolala. Matokeo yake umeacha yai la kuchemsha, ambalo halina shida, na huenda hukuifikiria kachumbari ya pembeni mwa chipsi. Hofu yako ni ya haki, ila imeelekezwa kusiko.

Mimi kwa Uganda ningeyaweka maziwa mbele ya vyote. Maziwa mabichi yanabeba brusela, na huku magharibi kwenye ng'ombe wengi ugonjwa huu tunaujua: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma, na kwa mjamzito mimba inaweza kutoka. Kuvukiza moshi kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, kunayapa maziwa harufu nzuri, hakuui brusela. Kuyaacha yagande yawe bongo nako si kinga; kama maziwa hayakuchemshwa kabla ya kugandishwa, usiyaguse. Kwenye duka la maziwa uliza kama yamechemshwa, na hata ukiambiwa yamechemshwa, chemsha tena nyumbani. Yaache yapande, punguza moto, yaendelee kutokota kidogo huku unakoroga. Kisha kunywa, dada, yanywe bila woga, maana mtoto anayahitaji.

Rolex nayo huna haja ya kuiacha. Nimeziuza, kwa hiyo sikiliza inavyotengenezwa. Mayai mawili yanapigwa kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kitunguu, kabichi na nyanya, yanamwagwa kwenye kikaango, na kabla juu hayajakauka mpishi anabandika chapati, anageuza, anakunja. Jioni watu wakiwa foleni anaharakisha, na ule upande ulioshikana na chapati unabaki na ute. Mwambie mapema, kabla hajavunja mayai: ligeuze likauke pande zote mbili ndipo uweke chapati. Hakuna anayekataa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile nyanya mbichi anazopanga juu mwishoni. Zimeoshwa kwenye beseni lilelile tangu asubuhi, zimekatwa kwa kisu kilichokata kila kitu. Hizo mwambie asikuwekee. Na muchomo ule, yaani nyama choma, kuku wa Namawojolo au wa Lukaya, usinunue kile kijiti ambacho muuzaji amekishika mkononi akikimbilia madirisha ya magari. Hujui kimetoka motoni saa ngapi. Shuka, nenda kwenye jiko lenyewe, chagua kilicho juu ya makaa, kirudishwe motoni mbele yako mpaka kitoe moshi. Wanaokula nguruwe wazingatie hivyohivyo, maana nyama yake ikiwa nusu mbichi inaweza kubeba toksoplazma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto macho na ubongo. Kijidudu hichohicho kinatoka kwenye kinyesi cha paka, kwa hiyo ukilima bustani nawa mikono kwa sabuni, na kama mna paka ndani, mwingine amsafishie.

Kiporo kinahitaji maneno yake. Tunahangaika na kisichoiva, kumbe chakula kikiwa kimeiva vizuri kikaachwa mezani kutoka mchana mpaka usiku kinaweza kuwa kibaya kuliko nyama isiyoiva. Wali hasa: kuna vijidudu vinavyotoa sumu ndani yake ukikaa kwenye joto, na sumu hiyo haitoki hata ukiupasha. Kama huna friji, au umeme unakatika kila mara, pika cha mlo mmoja. Kama unayo, weka chakula ndani kikishapoa tu, usingoje zaidi ya saa mbili, na ukitoa kipashe mpaka kitokote, si kiwe vuguvugu. Listeria inamea hata ndani ya friji, ndiyo maana soseji na nyama za kopo zilizofunguliwa hazifai kuliwa baridi. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 ilikuja kwenye polony, ile soseji nene ya kukata vipande: zaidi ya watu 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafa, na watoto wachanga walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa. Soseji ikaangwe mpaka ndani iwe moto kabisa.

Kuhusu maji nitasema moja tu, na ni la kutoka kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2007 hepatitisi E, ugonjwa wa ini, iliingia Kitgum kaskazini mwa Uganda, na kabla haijaisha ilikuwa imewashika zaidi ya watu 10,000. Inasambaa kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi, na mjamzito ndiye inayemwonea zaidi, hasa miezi mitatu ya mwisho. Chemsha maji ya kunywa, na matunda yaoshe kwa maji hayohayo kisha uyamenye mwenyewe. Papai, nanasi, ndizi, embe, chungwa, vyote kula. Vipande vya matunda vilivyokatwa na kupangwa kwenye sinia barabarani ndivyo vya kuacha. Macho yakianza kuwa ya manjano, usingoje siku ya kliniki.

Karanga na mahindi ni habari tofauti kidogo, kwa sababu hapa moto hausaidii. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika. Kabla ya kusaga binyebwa, yaani karanga, zimwage kwenye ungo, tupa zilizokunjamana, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, na usinunue unga wa karanga uliokwisha kusagwa usiojua ulitokana na nini. Udongo pia, kama una hamu nao kama wengi wetu tunavyokuwa, mwambie mkunga. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe unaweza kuja na mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi.

Nimesema damu kupungua, na hapo ndipo wewe unaponitia hofu kuliko lile yai. Chai ya rangi na mkate kwa mimba ya miezi mitano haitoshi, dada. Chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Leo hii pika maharage, chemsha mayai mpaka kiini kiwe kigumu, tia mukene, wale dagaa wa ziwani, kwenye mchuzi wa karanga. Halafu tazama mapishi ya zamani ya huku: luwombo, mchuzi wa nyama au kuku, inafungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke saa nyingi, matoke, zile ndizi za kupika, yanakaa motoni nusu siku, katogo, mchanganyiko wa ndizi na utumbo, inatokota mpaka utumbo unalainika. Vyakula hivyo vinapoletwa mezani vikiwa moto, hakuna kijidudu cha kukukimbiza. Na vile vidonge vya damu ulivyopewa kliniki, kama uliviacha kwa sababu vinakutia kichefuchefu, vimeze usiku ukiingia kulala.

Sasa wakwe. Mimi nilikuja Ankole sijui lolote, na jambo la kwanza alilonitengenezea mama mkwe nikiwa na mimba ni eshabwe. Aliketi na bakuli, akamimina samli, akatia maji ya magadi kidogo kidogo akiipiga kwa mkono mpaka ikawa nyeupe na laini, akaichuja, akaniwekea kando ya karo, ule ugali wa ulezi. Haipikwi, na mara nyingi samli yake imetoka kwenye maziwa ambayo hayajaona moto. Kumkatalia mkwe kitu alichokipiga kwa mkono wake si jambo jepesi. Nilichomwambia ni hiki: Mama, ng'ombe wanapotupa mimba zizini, daktari wa mifugo anasema ni ugonjwa fulani uliomo ndani yao, ugonjwa huohuo unapita kwenye maziwa na siagi mpaka kwa mwanamke. Wafugaji hilo hawabishani nalo, wameliona kwa macho yao. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama chai ya maziwa yaliyochemka nitakunywa. Nikamwambia nitakunywa, hata birika zima. Tangu siku hiyo alikuwa akiyachemsha mwenyewe kabla sijaomba, na eshabwe akawa ananiwekea ahadi ya baada ya kujifungua.

Kwa hiyo usifike Kiruhura na maneno ya mtandaoni. Omba kitu badala ya kukataa kitu: omba chai ya maziwa, omba nyama ya kuchemsha, omba maharage. Ukiona ng'ombe anazaa au ametupa mimba, usisogee kusaidia wala kushika kondo lake, na hilo nalo watalielewa. Kisha mumeo ampigie mamake simu kabla hamjaondoka Kampala, amweleze kwamba kliniki imekataza maziwa mabichi na vyote vilivyotokana nayo. Neno likitoka kwa mwanawe, mama hataliona kuwa ni dharau ya mkwe.