Mwanangu, mstari wa kwanza nimeuacha wazi

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza: wazee wa kijana wakija, mahari itajwe shilingi ngapi ili usionekane unauzwa, wala usionekane umejirahisi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Hiyo shilingi ngapi nitaifikia, Mungu akipenda. Kwanza tuulizane itamfikia nani.

Maana mahari ni ya bibi harusi. Utasema baba ameanza tena, lakini maneno haya ni ya Qur'ani kabla ya kuwa yangu. Surat An-Nisaa, aya ya 4: wanaume wameamrishwa wawape wanawake mahari yao. Wapewe wao wenyewe. Baba hakutajwa, kaka hakutajwa, wala kamati ya harusi.

Kwetu hapa Unguja mahari haiji peke yake, inakuja na wenzake. Kipo kilemba cha baba. Upo mkaja wa mama, na wengine hutaja na ubeleko, kwa ile nguo aliyombebea mwana mgongoni. Kipo kifungua mlango, kipo kipa mkono cha pale bwana harusi anapoingia kukushika, na lipo begi la nguo, viatu na manukato. Hizi ni ada. Zina uzuri wake na sitaki zife. Mkaja wa mama yako nitaudai mimi mwenyewe. Lakini si mahari. Kosa ninaloliona harusi baada ya harusi ni watu kuzitia zote kwenye bahasha moja, kisha wakaandika juu yake "mahari".

Angalia hasara yake. Mshenga ameleta milioni 3 kwa jina la mahari. Ndani yake laki 5 ni kilemba, laki 5 mkaja, milioni 1 imekwenda kwenye ukumbi na chakula. Bibi harusi amepata milioni 1. Ikitokea siku mke anataka kujivua kwa khului, yaani kuachana kwa ombi lake mwenyewe, kwa kawaida hutakiwa arejeshe mahari, na karatasi inasema milioni 3. Atarudisha pilau walilokula watu. Na mume akiacha kabla hawajaingiliana, nusu ya mahari iliyotajwa ni ya mke, ndivyo ilivyo katika Surat Al-Baqara, aya ya 237. Nusu ya ngapi? Ya ile iliyotajwa mbele ya mashahidi. Hakuna atakayekumbuka kwamba kilemba kilikuwemo humo.

Sasa shangazi yako. Kisa chake mnakijua nyote, na yale ya kurudi na sanduku siyarudii. Ila kipo kipande ambacho nyinyi hamkukikuta. Babu yako, kwa kuwa ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake, aliingia chumbani kumtaka idhini na mashahidi wawili, mmoja wao mimi. Shangazi yako alikuwa ameketi kwenye mkeka, amegubikwa kanga mpya mwili mzima. Kilichoonekana ni mkono mmoja wenye hina. Babu yako alimuuliza mara tatu kama ameridhia. Ule mkono ulikuwa unachomoa ukili kwenye ukingo wa mkeka, uzi mmoja mmoja. Hakusema neno. Kungwi akamsemea: amekubali, kunyamaza ndiko kukubali. Tukatoka. Jina la mume alitajiwa. Kiasi cha mahari hakutajiwa, wala hakuuliza. Ilinunua mchele na mbuzi. Mengi yalikuja baadaye, lakini kinachonirudia mimi ni ule ukili umetawanyika sakafuni, na sisi wanaume watatu tunauruka kwenda nje.

Na elimu ilikuwa upande wetu. Idhini ya bikira ni kunyamaza kwake, hadithi ipo katika Bukhari na Muslim, na madhehebu yetu ya Shafi yamempa baba nafasi kubwa. Babu yako hakufanya haramu. Lakini irudie ile hadithi uitazame: Bibi Aisha alisema bikira huona haya, ndipo Mtume akajibu kwamba kimya chake ni ridhaa yake. Kimya kilikubaliwa kwa kumhurumia mwenye haya, asilazimishwe kutamka. Sisi tulikifanya njia ya kutomsikiliza. Au labda namuonea baba yangu, maana alimpenda yule binti kuliko sisi wanaume, na kwa zama zake aliona amemchagulia mtu wa dini. Huyohuyo Mtume, Khansa binti Khidam alipomlalamikia kwamba baba yake amemuoza na yeye hataki, aliivunja ile ndoa. Kisa hiki kilisomwa madrasani enzi zetu pia. Hakikuwa kimefichwa.

Nyinyi mnatamka kwa midomo yenu, na wengine mnatamka mbele ya simu inayorekodi. Sikufichi, ile simu inanikera. Idhini ni jambo la chumbani, baina ya binti na walii wake, na kuona haya ni sehemu ya imani. Halafu najijibu mwenyewe: sauti iliyorekodiwa haisemewi na kungwi. Basi rekodini, ila msiitume kwenye makundi ya simu.

Kwa nini nakwambia usinyamaze? Ndoa ikifungwa bila kutajwa mahari inasihi, na mke anastahiki mahari ya mithli, yaani ya wanawake mfano wake. Katika Shafi kipimo hutazamwa upande wa baba: dada zako, kisha mabinti wa kaka zako, na baada yao shangazi zako. Wewe dada huna, wala binti wa kaka. Ukininyamazia, kipimo chako ni shangazi yako. Siwezi kukubali apimiwe mtu mwingine kwa ule mkeka.

Kwa hiyo nimechukua karatasi, nimeipiga mistari mitatu: mahari, ada, gharama za harusi. Mstari wa kwanza ni wako peke yako. Hapo itajwe taslimu ni ngapi na deni ni ngapi, na deni lilipwe lini. Mahari ya deni ni halali, lakini "atalipa Mungu akimjaalia" si tarehe. Andika mwezi na mwaka. Mume akifa kabla hajalipa, ni deni juu ya mali yake, hutolewa kabla ya mirathi kugawiwa. Warithi hawatakukumbushia, ndiyo maana nataka maandishi. Ile ya taslimu, una haki ya kutohamia kwake mpaka uipokee.

Ukitaka dhahabu, usiseme "bangili nne". Sema gramu na karati, maana bangili nne nyembamba za karati 18 na bangili nne nzito za karati 22 zote ni bangili nne, na ugomvi huanzia hapo. Risiti ya sonara ikae kwako. Ukitaka kitanda na kabati, taja mbao gani, futi ngapi. Fedha ikija kwa simu, iingie kwenye namba yako na ule ujumbe usiufute. Ikija mkononi, ipokee mbele ya mashahidi wawili. Mshenga ni mjumbe. Kazi yake ni kuleta maneno, asikae na mali yako hata usiku mmoja.

Umeandika kwamba rafiki zako wawili walitaja msahafu, na mmoja alimtaka mume ahifadhi sura. Mtume alimwambia mtu asiye na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamuozesha kwa Qur'ani aliyokuwa nayo. Kwa Shafi manfaa kama kumfundisha mke Qur'ani yanafaa kuwa mahari. Lakini akufundishe wewe, na itajwe sura gani mpaka aya gani. Akihifadhi yeye, faida ni yake. Na yule mtu hakuwa na kitu. Kijana wako ana mshahara. Unyenyekevu mzuri ni wa mwenye kujua anachokiacha. Nisingependa mahari ndogo iwe ni kile kimya cha zamani, kimevaa nguo mpya.

Kwa upande wa juu hakuna mpaka. Surat An-Nisaa, aya ya 20, inataja hata rundo la mali, na inamkataza mume kuchukua tena chochote humo. Wake za Mtume wengi walipewa dirhamu 500, yaani karibu kilo moja na nusu ya madini ya fedha. Sonara yeyote atakwambia bei yake leo. Ukikitumia kipimo hicho hakuna atakayesema unauzwa, wala atakayesema umejirahisi. Hapa nimeshaanza kukuelekeza, na nilijiahidi nisifanye hivyo.

Jambo moja la pembeni. Umesema mmeshaanza kulipia kiwanja pamoja. Mahari haina uhusiano na kiwanja. Weka stakabadhi zako zenye jina lako. Tangu sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017, kadhi anaweza kutazama kila mmoja alichangia nini katika mali ya ndoa. Mama zenu hawakuwa na pa kulipeleka hilo.

Namba ninayo kichwani, mwanangu, na mara mbili nimeiandika hapa nikaikata. Utaiona ile sehemu niliyoifuta, usijaribu kuisoma kwenye mwanga. Mahari ni ya bibi harusi, na kiasi kinachotajwa na baba kinakuwa cha baba.

Wageni wanakuja Jumapili baada ya alasiri. Nipigie kabla ya hapo, si ujumbe, nataka kusikia sauti yako ukiitaja. Shangazi yako amesema siku ya idhini atakaa chumbani nawe badala ya kungwi. Mkaja na kilemba nimeshaviandika kwenye mstari wa pili, kwa kiasi kidogo. Mstari wa kwanza nimeuacha wazi, na kalamu nimeiweka juu yake.

Wako,
Baba