Paka wangu kaanza kukojoa kitandani, nimfukuze?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi niko Ujiji, nina paka dume wa mwaka na nusu. Toka mdogo alikua anajisaidia kwenye beseni la mchanga bila shida, mchanga tunachota ziwani. Mvua zilipoanza mchanga ukawa unakuja umelowa, nikaomba maranda kwa fundi seremala nikamuwekea hayo, na beseni nikalitoa uani maana kunavuja nikaliweka jikoni karibu na anapolia chakula chake. Tangu hapo balaa, anakojoa kitandani, juzi kwenye mkeka wa kuswalia. Nimemchapa, nimempakaza pua kwenye mkojo, wapi. Jirani anasema paka katumwa, mume wangu anataka akamtupe mwaloni Kibirizi. Na mkwe wangu tuko nae hapa ana mimba ya miezi minne, kasikia paka wana ugonjwa. Nampenda huyu paka, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza kabisa leo hii hii muangalie akienda kukojoa. Kama anachuchumaa muda mrefu anajikamua na kinatoka kitone au hakitoki kitu, analia, anajilamba sana huko chini, au mkojo una damu, basi usiendelee kusoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja mbili.

Kama anakojoa kawaida, mkojo wa kutosha, basi hajatumwa na mtu wala hakukomoi. Umembadilishia vitu viwili kwa mpigo. Nyayo zake zimezoea mchanga laini wa ziwani tangu utotoni, leo anakanyaga maranda yanayomchoma na yananuka mbao, halafu choo kiko pale pale anapolia, kwenye pilikapilika za masufuria. Kitanda ni laini na chumbani kimya, kwa akili yake kachagua vizuri tu.

Rudisha mchanga. Siku za jua chota mwingi, uanike, uchekeche, weka kwenye ndoo ya mfuniko upo wa akiba. Kwenye beseni mwaga kina cha vidole vitatu hivi, na beseni liwe kubwa ajigeuze bila kubanwa. Liweke kwenye kona kimya mbali na chakula, na ukiweza weka mawili hata kama paka ni mmoja. Toa uchafu asubuhi na jioni, paka ana pua kali kuliko wewe, beseni likinuka kidogo tu anahama. Kama maranda huna budi, yachanganye kidogo kidogo kwenye mchanga kwa wiki kadhaa.

Kumchapa acha kabisa, anachojifunza ni kukuogopa wewe, atakua anakojoa uvunguni usikoona. Godoro likaushe na kitambaa, osha na sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu, toa juani. Jiki usimwage juu ya mkojo, vikikutana inatoka hewa inayokaba kifua. Na zile dawa za kusafishia ambazo zikiingia kwenye maji zinakua nyeupe kama maziwa, usipake anapopita, atalamba nyayo na ni sumu kwake.

Lakini kama unamuona anasimama mkia juu anarusha mkojo ukutani, hapo anaweka mipaka yake, na dawa yake ni kuhasiwa.

Kuhusu mkwe wako, kweli upo ugonjwa unaitwa toksoplazma na mimba inaweza kudhurika, ila haina maana paka afukuzwe. Beseni asafishe mtu mwingine, na asafishe kila siku bila kuruka, kwa sababu vijidudu vikitoka na kinyesi vinachukua siku moja hadi tano ndio viweze kuambukiza. Paka asipewe nyama mbichi. Mkwe nae anawe mikono, ale nyama iliyoiva kabisa, mboga za majani azioshe vizuri maana huko nako ugonjwa unapita, na kliniki amwambie nesi kwamba nyumbani kuna paka.

Mumeo muombe wiki mbili. Mlango wa chumbani ufungwe muda huo, na zikiisha bado anakojoa ovyo niandikie tena, uniambie sehemu gani na saa ngapi.