Watoto kuoga maji moto ya Songwe?

Dada, umeuliza kama Oktoba hii, kabla mvua hazijaanza, unaweza kuwapeleka watoto na bibi yao kwenye chemchemi za maji moto Songwe, na kama wataweza kuoga. Kwenda, nendeni. Kuoga ndiko penye kazi.

Pale yanapochomoza hayaogeki kabisa, yanaivisha yai. Watoto washikwe mkono muda wote, wavae viatu vya kufunga, wasikanyage kingo za vidimbwi. Jiwe la hapo kingoni limejengwa na chokaa inayoachwa na maji yenyewe, na mahali pengine ni gamba tu. Wakitaka kuchezea maji, teremkeni mbali na chanzo, yakishapoa, na mtu mzima atangulize mkono. Msiyanywe.

Ondokeni mapema mkipitia Mbalizi, maana bondeni jua ni kali kuliko Mbeya mjini, na vumbi msimu huu usiseme. Bebeni maji ya kunywa, kofia, na mayai mabichi kwenye kiwavu chenye kamba ndefu. Hapo ndipo watoto watakapofurahi.

Kama magoti ya bibi yao yanasumbua, mpelekeni Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili juu ya Mto Kiwira, wilayani Rungwe. Ni la kutazama tu, lakini kule kuna ubaridi.