Kunyauka si kukauka: majibu ya barua za masika

Tangu mvua za Machi zianze nimepokea barua nyingi za kadi za maua makavu, na nyingi kati ya hizo zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Wasomaji wa zamani watavumilia nikirudia. Nitarudia mpaka barua za kadi zilizoota ukungu zikome.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilibana bogenvilia na maua madogo ya njano ndani ya kamusi kwa siku tatu, nikatengeneza kadi kumi na mbili za Idi. Baada ya wiki moja manila imetoka madoa meusi, na kadi mbili zimeota utando mweupe. Je, gundi ndiyo mbaya? (Msomaji, Kimara)

Marahaba. Gundi haina kosa. Umebandika maua mabichi.

Siku tatu ndani ya kamusi, mwezi wa nne, Dar es Salaam! Ua la siku tatu limenyauka, halijakauka, na mpaka mtu aione tofauti hiyo asiguse manila. Lililonyauka limelegea tu. Maji bado yamo, hasa pale pasipoonekana: kwenye kikonyo na kwenye kitako cha ua. Ukilibandika, maji hayo yanahamia kwenye karatasi, karatasi inavimba, na ukungu unapata chakula na kinywaji mahali pamoja. Lililokauka halikunjiki. Ukilipinda linavunjika.

Kuna kipimo wanachotumia wataalamu wanaohifadhi mimea. Lichukue ua kwa kibano, uliguse kwenye shavu au juu ya mdomo. Ukisikia ubaridi, lirudishe, kwa sababu maji yanayotoka ndani yake ndiyo yanayochukua joto la ngozi yako. Likiwa na joto sawa na la karatasi iliyo pembeni yake, limeiva.

Kamusi nayo iache kazi yake ya maneno. Huwezi kubadilisha kurasa zake, na utaiharibu. Tafuta vipande viwili vya plaiwudi na magazeti ya zamani, yale ya karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa hainyonyi. Panga hivi: plaiwudi, gazeti nene, karatasi nyeupe ya kawaida ili wino wa gazeti usihamie kwenye ua, kisha maua yasiyogusana, karatasi nyeupe, gazeti, plaiwudi, na juu yake matofali mawili. Kesho yake toa magazeti yote uweke makavu. Kesho kutwa fanya hivyo tena, halafu kila baada ya siku tatu. Hapa ndipo wengi wanapochoka, na hapa ndipo kadi inapopona au kufa. Magazeti yaliyotoka yaanike juani, yatarudi kazini. Wakati wa kusi, kuanzia Juni, bogenvilia huwa tayari kwa siku kumi hivi. Masika hii nipe wiki tatu.

Chuma saa nne asubuhi umande ukishakauka, na siku ya mvua usichume kabisa. Njia hii si ya anasa wala si mpya. Mimea aliyoibana Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyefariki mwaka 1778, ipo London mpaka leo, bado imeshika kwenye karatasi zake. Ua lililokaushwa sawasawa linatuzidi umri.

SWALI: Naweza kutumia pasi badala ya kusubiri? (Msomaji, Ukonga)

Kwa majani, ndiyo. Kwa maua, ni machache mno yatakayovumilia. Pasi iwe ya moto mdogo na isiwe na mvuke, kwa sababu mvuke unalirudishia jani maji unayojaribu kuyatoa. Jani likae kati ya karatasi mbili, ubonyeze kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, unyanyue, uliache lipoe, urudie. Usisugue kama unapiga pasi shati. Kisha lilale siku mbili chini ya matofali kabla ya kulibandika.

SWALI: Mwalimu, nitajie maua kumi ya hapa Dar yanayofaa kwa kadi. (Msomaji, Mbezi Beach)

Sitataja kumi. Nitataja ninayoyaamini.

La kwanza ni bogenvilia, na sababu yake mnapaswa kuijua. Kile mnachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe kaliko katikati. Ndiyo maana ni jembamba kama karatasi na halina maji mengi. Lipo kwenye ukuta wa kila mtaa na halihitaji kununuliwa. Lifichwe jua tu, maana jua la dirishani hula rangi.

Mkrismasi unapochanua kuelekea mwisho wa mwaka, kusanya yaliyoanguka alfajiri. Usilibane ua zima. Tenganisha petali zake tano, na ile moja yenye michirizi ya njano na nyeupe itunze kwa heshima, kwa sababu inatosha kuwa kadi peke yake. Majani yake yanavutia, ila vijani vyake hupukutika vikikauka, sawa na vya mlonge. Msiniandikie kuniuliza kwa nini vimepukutika.

Mvinje wa ufukweni unatoa nyuzi nzuri za kuchorea mstari wa bahari. Nyasi za vichwa laini, zile zinazoota pembeni ya kila kiwanja kisichojengwa, karibu zimekauka kabla hujazichuma. Na mgomba! Majani yanayoning'inia shinani yamekaushwa na mmea wenyewe, na yana rangi kuanzia maziwa hadi kahawa nyeusi. Kadi za vipande vya mgomba zimeuzwa kwa watalii miaka mingi, na nyingi zinarudia picha ileile ya mama mwenye mtungi kichwani. Inaniuma. Nyenzo yenye rangi zote hizo ingeweza kuonyesha ngalawa, paa za Kariakoo, foleni ya mwendokasi, mvua ikinyesha juu ya mabati. Vijana wa Mwenge na wa Msasani, wenye mikono mizuri kuliko yangu, nawaomba mjaribu.

Yasiyofaa ni asumini na mlangilangi. Hugeuka kahawia kwa sababu ileile inayoligeuza tunda lililokatwa na kuachwa wazi, na harufu haibaki. Haibiskasi ni ndugu wa bamia, ina ute, na itaganda kwenye karatasi. Waridi jekundu likikauka huwa damu ya mzee au jeusi kabisa. Kama unaipenda rangi hiyo, endelea. Kama ulitaka nyekundu, chagua kingine.

SWALI: Gundi gani? (Wasomaji wengi)

Gundi nyeupe, nukta ndogo kwa ncha ya kijiti cha meno, tena nyuma ya ua tu. Gundi ina maji, na ukiimwaga umelilowesha tena ulilolikausha wiki tatu.

SWALI: Nataka kadi zangu zing'ae na zidumu. Nizipige laminesheni? (Msomaji, Sinza)

Hapana. Hili naulizwa kila mwezi, na kila mwezi kuna mtu anayesoma jibu, anakwenda kwenye duka la steshenari, analaminisha, kisha ananiandikia kwamba maua yamekuwa kahawia. Mashine ile inachoma, halafu inafungia ndani unyevu uliobaki usipate pa kutokea. Na hata ikifanikiwa, umepata kitambulisho, si kadi. Mtu anapopokea kadi ya mkono anataka kupitisha kidole, aone mishipa ya jani, aandike jina lake kwa kalamu ya kawaida. Ukihofia ua kuchubuka, lifunike kwa karatasi nyembamba inayoonyesha, ile wanayochorea ramani, uigundishe ukingoni tu.

SWALI: Mdogo wangu anaoa mwezi ujao. Kamati imeniomba kadi 250 za mwaliko zenye maua makavu, singo na dabo. Tuna wiki tatu. Nianzie wapi? (Msomaji, Tabata)

Anzia kwa kuwaambia hapana, dada yangu, na uwaambie leo kabla hawajachanga.

Piga hesabu nami. Kadi moja ukiwa mwepesi sana ni dakika 15 za kukata, kukunja, kupanga na kubandika. Mara 250 ni dakika 3,750, yaani zaidi ya saa 62, na hapo maua yawe yamekwisha kukauka. Yako bado yako mtini, na nje mvua inanyesha. Wiki zote tatu zitaishia chini ya matofali.

Tena fikiria safari ya kadi yenyewe. Inapita kwa mjumbe wa kamati, inawekwa kwenye pochi, inakaa kwenye bodaboda, inafika mlangoni mwa ukumbi ambako kijana anaitazama kama ni singo au dabo na kuitoboa. Ua kavu litakuwa vumbi kabla ya keki kukatwa.

Nakushauri hivi: kadi 230 zichapwe kiwandani, nzuri na za heshima. Wewe tengeneza ishirini kwa mikono, za wazazi wa pande zote mbili, mshenga, wasimamizi na wazee waliolea. Hizo ndizo zitakazowekwa kabatini. Tumia manila ya gramu 220 au zaidi kwa mita ya mraba. Nyepesi hujikunja hewa ikilowa. Kipimo kizuri ni A6, milimita 105 kwa 148, kinaingia bila kubanwa kwenye bahasha ya C6. Ua liweke upande wa ndani, si juu. Na kwa kuwa umeniandikia kuhusu kamati, ngoja niseme ambalo hukuliuliza: dai nusu ya fedha kabla ya kukata karatasi ya kwanza, hata kama bwana harusi ni wa tumbo moja nawe. Nimeshaona mafundi wengi wakibaki na maboksi ya kadi baada ya tarehe kusogezwa.

SWALI: Wateja wanasema shilingi 3,000 kwa kadi ni ghali. Nipunguze? (Msomaji, Kigamboni)

Usipunguze. Ua umelikausha wiki tatu.

SWALI: Dada yangu yuko Australia. Nikimtumia kadi ya majani kwa posta itafika? (Msomaji, Upanga)

Inaweza kuzuiwa. Australia na New Zealand ni wakali sana kuhusu mimea kutoka nje, na kwao jani kavu bado ni mmea. Andika wazi kilichomo ndani, na mbegu usiweke hata moja. Mimi ningemtumia kadi ya picha ya majani hayo, na ile halisi ningemtunzia mpaka aje likizo.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba anapenda kunisaidia kuchuma. Kuna mmea wa kuogopa? (Msomaji, Mbagala)

Upo, na asante kwa kuuliza kabla na si baada. Mnyaa, ule wa uzio wa nyumba usio na majani, unatoa utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ukiingia, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na mpeleke mtoto hospitali, usisubiri mpaka asubuhi. Kanuni ya mtoto iwe rahisi: kinachotoa maziwa hakichumwi. Anawe mikono akimaliza, na vidole visiende mdomoni.

Nyote wengine, msichume mikoko, wala maua ya bustani za watu na za umma. Vilivyoanguka vinatosha.

SWALI: Maua niliyokausha mwaka jana yametobolewa na vidudu. Niyatupe? (Msomaji, Kinondoni)

Yaliyotobolewa tupa. Yaliyobaki yafunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, yaweke kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiyatoa usifungue mfuko hapo hapo; subiri mpaka upate joto la chumba, kesho yake, la sivyo maji ya hewani yatafanya matone juu ya maua kama kwenye chupa ya soda baridi na utakuwa umerudi masika. Kisha yahifadhi kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usipovipata, mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, uliofungwa kwenye kitambaa, unasaidia kidogo, kama punje zinazotiwa kwenye kopo la chumvi. Ubadilishe kila mwezi.

SWALI: Mwalimu, tumemzika mama jana. Nimechukua shada moja, waridi na maua meupe. Nataka kila mmoja wetu, tuko sita, apate kadi yenye ua la mama. Sijui kama nimechelewa. (Msomaji, Temeke)

Pole sana, mwanangu. Nilikujibu siku ileile uliponiandikia, na naliweka jibu hapa kwa ajili ya mwingine atakayelihitaji.

Hukuchelewa, lakini usingoje kesho. Maua ya shada yamekaa kwenye sifongo yenye maji, kwa hiyo yamejaa. Usibane waridi zima, litaoza katikati. Lifungue petali moja moja kutoka nje kuja ndani, futa kila moja kwa karatasi laini, uzipange zisigusane. Badilisha magazeti mara mbili kwa siku kwa siku tatu za kwanza. Waambie ndugu zako washike zamu. Kijani cha shada kibane peke yake, maana huchukua muda mrefu zaidi.

Meupe yatageuka rangi ya chai. Hilo huwezi kulizuia. Nyekundu zitakuwa damu ya mzee. Zikishaiva, jenga upya ua kwenye manila: petali kubwa chini, ndogo juu, nukta moja ya gundi kila moja. Kausha za kadi nane, si sita, kwa sababu nyingine zitavunjika mkononi. Na nyuma ya kila kadi andika tarehe kwa penseli.