Ahadi ya kaskazi na kusi haimwondolei wakili kazi yake

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wilayani Pangani. Mwaka huu vijana wetu waliomba Jumamosi mbili za kwenda kupanda mikoko karibu na mlango wa mto, na baraza la wazee likagawanyika. Mwenzetu mmoja, mtu wa maombi ambaye sote tunamheshimu, alisimama akasoma Mwanzo 8:22, akasema kwamba Mungu ameahidi majira hayatakoma, kwa hiyo habari za mabadiliko ya tabianchi ni hofu ya watu wasiomjua Mungu, na kwamba mazingira yamekuwa dini mpya ya Wazungu. Mwingine akaongeza kuwa dunia itateketea kwa moto kama alivyoandika Petro, basi ya nini kuipaka chokaa nyumba inayongoja kubomolewa? Sikuwa na jibu, ingawa naona kwa macho yangu jinsi bahari inavyokula minazi. Je, Mkristo anaweza kuwasadiki wanasayansi katika jambo hili bila kuiacha imani yake?

JIBU: Asifiwe milele, mzee wangu. Naanza na mstari aliousoma mwenzenu, kwa sababu ndio kiini cha swali lako, na kwa sababu sisi watu wa pwani tumeupokea kwa namna ya pekee. Pale ambapo maandiko ya Kiebrania yanataja majira ya joto na majira ya baridi, waliotafsiri Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, waliandika "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Hazikuwa pepo za kubuni. Ni pepo zilezile ambazo mvuvi wa Pangani hupangia safari zake, na ambazo mababu walizingojea ili vyombo viondoke au virudi. Ahadi hiyo naiamini neno kwa neno.

Lakini tuisome hadi mwisho wa kitabu chenyewe. Katika kitabu hicho hicho cha Mwanzo, muda mrefu baada ya ahadi hiyo kutolewa, inakuja miaka saba ya njaa iliyoifikia Misri na nchi za jirani. Kaskazi na kusi hazikukoma, mchana na usiku havikukoma, na bado watu walikosa chakula. Yusufu alipoelezwa ndoto ya Farao hakumjibu kwamba Mungu amekwisha kuahidi mavuno, kwa hiyo asiwe na hofu. Alishauri nafaka ipimwe, ihifadhiwe, na awekwe mtu wa akili na hekima kuisimamia. Ahadi ya Mungu inatuhakikishia kwamba dunia haitamponyoka mikononi. Haituhakikishii kwamba mvua haitapungua mahali fulani, wala kwamba bahari haitapanda, wala kwamba mwanadamu akiharibu hatayaona matunda ya uharibifu wake. Anayeitumia ahadi hiyo kama ruhusa ya kutotazama anaitwika mzigo ambao haukuwekwa juu yake.

Sasa kuhusu wanasayansi, niruhusu nieleze jambo la nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kipimo cha mvua kilichosimikwa nyuma ya ofisi, akayamimina maji katika chupa nyembamba yenye mistari, akaisogeza karibu na macho, akaandika milimita katika daftari lenye jalada jeusi. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kwa nini anahangaika kuandika sifuri, akanijibu kwamba asipoiandika, atakayekuja baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au karani hakwenda. Baba hakuwa na cheo chochote kanisani, lakini sijaona tena mtu aliyeishika amri ya tisa kwa uangalifu kama ule. "Usimshuhudie jirani yako uongo" ni amri ihusuyo ushahidi, na daftari la mvua ni ushahidi.

Sayansi ya tabianchi, kwa sehemu yake kubwa, ni madaftari ya namna hiyo. Mwaka 1859 John Tyndall, akiwa London, alipima katika maabara namna hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, pamoja na mvuke wa maji, vinavyonasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka duniani ikiwa hewa hiyo itaongezeka angani. Utaona, mzee, kwamba mambo haya yalichunguzwa zamani kabla hakujawa na chama chochote cha mazingira cha kuyafanyia siasa. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, akapata sehemu takriban 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Vipimo vimeendelea mahali hapo, na leo zimepita 420. Hewa ya kale iliyonaswa ndani ya barafu inaonyesha kwamba kabla ya zama za viwanda zilikuwa karibu 280. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ina alama yake, tofauti na ile itokayo baharini au katika volkano, na alama hiyo ndiyo inayozidi kuonekana angani. Jua nalo limepimwa kwa satelaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haikuongezeka kiasi cha kueleza joto hili. Katika muongo wa 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lililozidi lile la nusu ya pili ya karne ya 19 kwa nyuzi 1.1 hivi za Selsiasi, na kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huishia baharini.

Mwenzenu aliyesema kuwa hayo ni ya watu wasiomjua Mungu huenda hajasikia habari za John Houghton wa Wales, Mkristo wa kiinjili ambaye hakuificha imani yake, na ambaye aliongoza kundi la sayansi la Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), lililo chini ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti zake tatu za kwanza. Alifariki mwaka 2020. Sitaji jina lake ili tuyaamini mahesabu kwa kuwa mwenye kuyasimamia alikuwa Mkristo. Kipimo kikiwa sahihi ni sahihi hata kikisomwa na mpagani. Namtaja kwa sababu alifanya kazi ile kama ibada, na ni haki watu wetu walijue hilo.

Amri hiyo hiyo ya tisa inatufunga na sisi tunaopenda mazingira. Nimesikia vijana wakihubiri kwamba kisiwa cha Maziwe, kilicho hapo mbele yenu Pangani, kilimezwa na bahari kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, basi. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga mayai. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa. Lakini walioichunguza habari hiyo wanataja pia kukatwa kwa miti iliyoushikilia mchanga, na kisiwa kilikwisha kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati joto la dunia lilikuwa bado halijafika hapa lilipo. Kukitumia kama ushahidi mwepesi si uaminifu. Vivyo hivyo mvua za masika: kwa miaka mingi zilipungua Afrika Mashariki huku hesabu za kompyuta zikionyesha kwamba zingeongezeka, na wataalamu wenyewe wameijadili tofauti hiyo waziwazi. Basi kijana asisimame madhabahuni akasema kila masika inayochelewa ni kazi ya viwanda vya Ulaya. Ukweli uliopimwa unatosha, hauhitaji kutiwa chumvi.

Kuhusu dini mpya, mwenzenu ana sehemu ya haki na ningependa aisikie kutoka kwangu. Wako watu duniani wanaoizungumzia dunia kana kwamba ndiyo mama aliyetuzaa na ndiyo itakayotuhukumu, na wako wanaomwona mwanadamu kuwa ni ugonjwa ambao dunia ingepona kama angepungua. Mkristo hawezi kukubali hayo. Mtoto anayezaliwa usiku wa leo katika zahanati ya kijijini ni mfano wa Mungu, si mzigo wa hewa. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na kwa hiyo nchi si mungu. Lakini kwa mstari huohuo si mali yetu pia. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la kisayansi kwamba Ukristo wa Magharibi ndio uliowafundisha watu kuinyonya nchi kwa kusoma neno "mkatawale". Shtaka hilo linauma kwa kuwa wako waliolisoma hivyo kweli. Hata hivyo sura ya pili ya Mwanzo inamweka mtu bustanini "ailime na kuitunza", na Torati inamkataza mwenye jeshi kuiangusha miti ya matunda hata anapouzingira mji wa adui. Kutawala kwa Biblia ni uwakili, na Paulo anasema kinachotakiwa kwa mawakili ni kuonekana waaminifu.

Moto wa Petro nitaupitia upesi. Miili yetu nayo itarudi mavumbini, wala hakuna mzee wa kanisa anayemwacha mjukuu wake na malaria kwa sababu hiyo. Na Ufunuo 11:18 unataja hukumu juu ya "hao waiharibuo nchi". Kama nchi ingekuwa takataka, kuiharibu kusingekuwa kosa.

Basi wapeni vijana Jumamosi zao, lakini msiwape Jumamosi peke yake. Miaka michache iliyopita usharika wetu ulipanda mikoko mamia kwa mamia. Tulichukua zile mbegu ndefu za mkoko, zinazoning'inia mtini kama maganda ya mlonge, tukazichomeka kwa mistari iliyonyooka kwenye mchanga wa wazi unaoelekea baharini, tukapiga picha, tukaimba, tukaondoka. Baada ya bamvua mbili, yaani maji makubwa ya mwezi, nilirudi nikakuta mche mmoja tu umesimama, umefunikwa na mwani, na mingine yote imetupwa ukingoni pamoja na makumbi ya nazi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alinieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko lawama, kwamba mkoko hupenda tope la ndani kwenye hori, na kwamba upande wa bahari husimama mliliana, mti mwingine wa jamii ya mikoko. Alikuwa analijua hilo tangu utoto, na hakuna aliyemwuliza. Nia njema isiyouliza iliteketeza kazi ya watoto wa Mungu na mbegu walizopewa. Nendeni na wavuvi na ofisa misitu, tena chagueni siku ya maji mafu, bahari isipopanda sana, na mmoja wa vijana awe na daftari: mingapi imepandwa, mingapi imeishi baada ya mwezi, mingapi baada ya mwaka. Ikifa yote, aandike sifuri.

SWALI: Shikamoo, Mchungaji. Ninaishi Tanga mjini. Mama mkwe wangu ni mjane na anauza mkaa Ngamiani. Jumapili moja kiongozi wa vijana alisema mbele ya kanisa kwamba muuza mkaa ni adui wa uumbaji wa Mungu. Mama alitoka kabla ya sadaka, na hajarudi ibadani tangu siku hiyo. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamwambia neno, mwombe kijana yule aende nyumbani kwake akamwombe radhi, naye asiende peke yake, afuatane na mzee wa kanisa.

Kisha mwambie mama kwamba hesabu haimtaji yeye kwanza. Hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi haifiki hata nusu tani kwa mwaka kwa kila Mtanzania, wakati kwa kila Mmarekani inazidi tani 13. Kumfanya mjane wa Ngamiani mshtakiwa wa kwanza wa joto la dunia ni kupindua hukumu, na manabii walikuwa wakali sana kwa jambo hilo.

Hata hivyo usimfiche kwamba misitu inaumia kweli, na kwamba moshi wa jikoni unaingia katika kifua chake mwenyewe na cha wajukuu. Serikali imeweka mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Maana yake biashara ya mkaa itapungua, na anayeitegemea anapaswa kuandaliwa njia mapema badala ya kuhubiriwa. Kama kina mama wa usharika wenu wana kikoba, waombeni wamkopeshe mtaji wa kuanza na majiko banifu na mitungi midogo ya gesi palepale kwenye kibanda chake, mkaa ukiendelea kuuzwa kando hadi biashara mpya isimame. Wateja anao tayari, anawajua kwa majina, na anajua nani hulipa mwisho wa mwezi.