Kumpa Mpigaji Kituo kwa Makusudi

SWALI: Ninafundisha timu ya wasichana ya softiboli, na hutazama pia besiboli ya Marekani. Siku hizi kocha anayetaka kumkwepa mpigaji hatari ili akabiliwe anayefuata huashiria tu, na mpigaji huyo huenda kituo cha kwanza bila kurushiwa mpira. Je, kanuni hii inabadilisha mbinu, au inaokoa muda tu?

JIBU: Inabadilisha. Hadi 2016, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani (MLB) alilazimika kurusha mipira minne mbali na mpigaji, kwani mipira minne mibaya (nje ya eneo la kupigwa) ndiyo humpa mpigaji kituo cha kwanza, na kila mmoja ulikuwa hai: ungeweza kumponyoka mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, au ukalifikia gongo. Juni 2006, Miguel Cabrera wa Florida Marlins alikuwa akipewa kituo kwa makusudi katika awamu ya 10, timu zikiwa sare na mwenzake yuko kituo cha pili. Alinyoosha gongo, akaupiga mpira uliokusudiwa kumpita, na timu yake ikaongoza. Tangu 2017 hatari hiyo haipo, na mrushaji hapotezi tena shabaha kabla ya kumkabili mpigaji anayefuata, jambo ninaloliona zito kuliko dakika zinazookolewa.

Iliyobaki ni hesabu ya nani anafuata, nayo pia imebadilika: tangu 2022 warushaji wa National League, mojawapo ya ligi mbili za MLB, hawalazimiki kupiga, hivyo ile desturi ya kumpitisha mpigaji wa nane ili kumkabili mrushaji aliyepiga baada yake, ambaye kwa kawaida alikuwa mpigaji dhaifu, imekosa maana.

Katika kanuni za USA Softball pia inatosha kumwarifu mwamuzi. Mpira huwa umekufa (mchezo umesimama), wakimbiaji hawasogei isipokuwa wanaolazimika kumpisha mwenzao, na mkiwapitisha wawili mfululizo, wa pili husubiri wa kwanza afike kituoni. Hata hivyo, soma kanuni za mashindano yenu kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba usiitumie mapema. Softiboli huchezwa awamu 7 na pointi huwa chache, kwa hiyo mkimbiaji wa bure ni gharama kubwa. Lakini ikiwa ni awamu ya mwisho, mko sare, wenyeji ndio wanaopiga na mkimbiaji wao yuko kituo cha tatu, pointi yake pekee inamaliza mchezo. Wanaomfuata nyuma hawana uzito wowote. Hapo jaza vituo bila kusita, ili mkimbiaji huyo alazimike kumpisha mwenzake na mdakaji aweze kumtoa mkimbiaji huyo kwa kukanyaga kituo cha nyumbani akiwa na mpira mkononi, bila kulazimika kumgusa, mradi mrushaji wako awe na utulivu, kwa sababu mipira minne mibaya sasa itamsukuma mkimbiaji huyo nyumbani na kuwapa wenyeji ushindi.